Boksi Jipya Ukutani

Kyzyl-Dobo, 2 Oktoba 2003

Baba Nurayim,

Salamu nyingi kutoka kwa binti yako, ambaye sasa ana kilo tatu na nusu na sauti ya mtu wa kilo themanini. Tulirudi kutoka hospitali ya wilaya wiki tatu zilizopita. Daktari amesema mapafu yake hayajakomaa, kwa kuwa alizaliwa wa miezi saba, na kwamba moshi wa makaa utammaliza kabla baridi haijamgusa. Basi jiko la makaa tumelizima, na chumba chetu kinapashwa na ile hita ya umeme uliyotuletea. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Unaujua ubao wa fyuzi wa baba yako, Ata, pale ukumbini, alioupiga randa kwa mikono yake mwenyewe kabla wewe hujazaliwa. Nikiwasha hita na birika la umeme kwa pamoja, fyuzi inakatika. Kwa wiki mbili tumekaa gizani mara kumi na moja, nimehesabu. Jumamosi Ata akapanda kigoda, akagombana na fyuzi zake kwa muda mrefu, na tangu hapo hazijakatika tena. Nilifurahi sana. Leo nikifagia, nikaweka kiganja juu ya ubao. Una joto la birika lililoepuliwa sasa hivi.

Nikachungulia. Ameweka mdudu, Baba Nurayim. Waya wa shaba, mnene kama sindano ya kushonea makoti, ameuzungusha juu ya fyuzi ili umeme upite hapo. Hata mimi niliyekulia machungani najua kwamba mdudu hakatiki. Fyuzi ikikatika tunakaa gizani tu. Mdudu asipokatika, kitakachowaka ni ubao, na ubao uko hatua nne kutoka kitanda cha mtoto.

Utauliza kwa nini sijamwambia. Mimi mkaza mwana nimwambie nini mtu aliyekiletea kijiji hiki umeme? Tangu mama yako afariki nyumba hii ina mimi na yeye, na hata mgongo sijawahi kumpa. Nikishamwandalia chai natoka kinyumenyume na sinia yangu kama desturi inavyotaka. Mwandikie wewe. Wewe ni kitinda mimba wake, kwako atanuna siku mbili tu. Ila usinitaje.

Barua zako anapenda nimsomee mimi kwa sauti, anadai zinanoga zaidi mdomoni mwangu. Kwa hiyo yaliyo yangu yaandike kwenye karatasi ya pembeni.

Wako,
Burulcha

*

Kambi ya mbao, Siberia, 24 Oktoba 2003

Ata mpendwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo imesahau joto ni nini. Barua yako ya mwisho imetuchekesha kambini. Maneno ni makubwa mpaka Melis, dereva wetu wa kijijini, alidhani ni bango la uchaguzi, na mistari inapandiana. Wewe uliyenipiga kwa rula kwa ajili ya herufi zilizopinda! Nimeibandika juu ya kitanda changu ili nilipize kisasi kila asubuhi.

Ata, nina ombi, na nakuomba ulisikilize mpaka mwisho. Hapa kila kibanda kina boksi la swichi za kujizima. Mzigo ukizidi, swichi inajiangusha yenyewe. Ukipunguza mzigo, unaiinua kwa kidole. Nimekununulia moja lenye swichi nane, na waya mnene wa kutosha nyumba nzima. Melis analeta kwa lori lake.

Si kwamba ubao wako una kasoro. Uliutengeneza kwa balbu tano na redio, na kwa kazi hiyo ungedumu mpaka kiyama. Lakini sasa kuna hita, kuna birika, kuna mashine ya kufulia, na kuna mtoto asiyeweza kuvuta moshi. Lifunge kabla ya theluji kubwa, nami nitatulia huku.

Mwanao,
Samudin

*

Kyzyl-Dobo, 22 Novemba 2003

Samudin,

Boksi limefika. Melis aliliingiza ndani kwa mikono miwili, akanieleza namna ya kulifunga. Melis, ambaye nilimteremsha mimi kutoka kwenye nguzo akiwa analia, kwa kuwa alipanda kuiba waya akashindwa kushuka. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikampa chai.

Unasema ubao wangu hauna kasoro. Ahsante sana, bwana mkaguzi. Chini ya ubao huo ulizaliwa, ukasoma, ukaoa. Siku niliyowasha balbu ya kwanza kijijini hapa, bibi yako alifunika nywele mbele yake kama mbele ya mgeni wa kiume. Watu walinibusu mikono. Leo mwanangu ananitumia boksi la plastiki na maelezo ya namna ya kulitumia.

Boksi liko ukutani. Skrubu sita, limenyooka kabisa, juu ya ubao wa zamani. Majirani wanakuja kulitazama, mkaza mwana analipangusa vumbi kila asubuhi. Umeridhika? Joldosh wa ofisi ya umeme alipita akataka kulikagua. Nikamwambia nilimfundisha mimi kushika bisibisi, asije akanikagua mimi.

Kuhusu herufi zangu: kalamu ni mbovu.

Baba yako,
Kasymaaly

*

Kambi ya mbao, 14 Desemba 2003
(karatasi ya pembeni)

Mama Nurayim,

Unaona? Mzee ananguruma lakini anasikia. Niliposoma "boksi liko ukutani" nilimkumbatia mpishi wa kambi, mtu ambaye sijawahi kumpenda.

Sasa usihofu tena. Melis anawaletea hita ya pili. Washa zote mbili, washa mashine ya kufulia, chemsha maji unavyotaka, swichi zitawalinda. Tangu barua yako ya Oktoba nilikuwa naamka nikisikia harufu ya waya unaoungua, huku nikiwa kilomita elfu mbili kutoka kwenu. Wiki hii nimelala kama gogo.

Niambie tu ukweli. Anakohoa bado? Anacheka? Ana pua ya nani? Kama ni ya Ata, nifiche.

Wako,
Samudin

*

Kyzyl-Dobo, 3 Januari 2004

Baba Nurayim,

Heri ya mwaka mpya. Pua ni ya Ata, sina namna ya kukuficha. Kukohoa kumepungua, na akimsikia babu yake akikohoa yeye anacheka, nadhani anaona anamwiga. Theluji imefika madirishani. Hita ya pili imefika, tunashukuru, ingawa moja inatosha kwa sasa.

Ata ni mzima. Siku hizi hatoki sana. Mchana anakaa ukumbini na mtoto mapajani, anamsimulia habari za nguzo na nyaya, na mtoto anasinzia. Boksi linang'aa. Nalipangusa kila siku.

Usijichoshe na kazi. Vaa soksi mbili.

Wako,
Burulcha

*

Kutoka chumba cha pili, 3 Januari 2004

Ata,

Nisamehe kwanza, kisha ndipo uendelee kusoma. Sijawahi kukuandikia, maana tunalala chini ya paa moja. Lakini maneno haya nimeyajaribu mdomoni siku nne, na kila ninapokuletea chai yananikaukia. Karatasi haina uso, kwa hiyo nimeipa kazi yangu.

Jumanne nilitaka kuosha vumbi nyuma ya hita. Nikaogopa umeme, nikaenda kwenye boksi jipya nikashusha swichi zote nane, moja baada ya nyingine. Nikageuka. Hita bado ilikuwa nyekundu. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu. Nikazipandisha, nikazishusha tena. Hakuna kilichozima.

Ata, boksi halijaunganishwa na kitu. Umelipigilia ukutani kama picha, na chini yake mdudu wa shaba bado anabeba nyumba nzima. Sijui kwa nini umefanya hivyo. Sikuulizi. Huenda kuna sababu ya ufundi ambayo mimi siijui.

Sijamwambia mwanao. Leo nimemwandikia kwamba boksi linang'aa, na hilo si uongo, lakini si ukweli wote. Hita ya pili nimeizima na sitaiwasha. Nakuomba umwite Joldosh, au uunganishe mwenyewe, au uniambie tu tuhamie kwa jirani mpaka masika. Hutanitazama kwa jicho lile lile tena, najua. Lakini Nurayim analala hatua nne kutoka pale.

Naiweka ndani ya kofia yako ya manyoya, penye barua za mwanao.

Mkaza mwana wako,
Burulcha

*

Kambi ya mbao, 25 Januari 2004

Burulcha,

Kuna dereva amefika jana kutoka kwetu. Anasema amesikia barabarani kwamba nyumba ya mzee fundi umeme wa Kyzyl-Dobo imeungua. Hakujua zaidi. Hakujua kama kuna mtu ndani. Nimemshika kola mpaka wenzangu wakanitenganisha naye. Simu ya posta ya kijijini haipokelewi.

Ninayo barua yako ya tarehe tatu. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umeandika "boksi linang'aa". Mimi sikukuuliza kama linang'aa. Kwa nini hukuandika kwamba linafanya kazi? Wewe huwa husemi neno moja mahali pa jingine. Ulijua kitu.

Barabara imefungwa na theluji. Lori la kwanza litakalotoka, nimo. Niambieni mko wangapi.

Samudin

*

Hospitali ya wilaya, 29 Januari 2004

Mwanangu Samudin,

Tuko watatu. Hilo ulijue kwanza.

Mkono unaouona ni wa mke wako. Nimemwapisha aandike kila neno kama ninavyolitoa, hata lile litakalomwumiza, hata lile litakalomsifu. Yangu mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Daktari anasema vidole vitarudi kufanya kazi kiasi. Nurayim yuko chumba cha pili na mrija wa hewa puani. Siku tatu za kwanza hatukujua. Jana amenyonya, akalia kwa hasira, na muuguzi akasema kilio hicho ni kizuri. Mapafu yatakuwaje mbele ya safari, hakuna anayetuambia.

Sasa sikiliza.

Boksi lako sikuliunganisha. Nilikudanganya kwa maneno ya kweli: liko ukutani. Tangu vuli sioni. Mwanga nauona, mtu naliona umbo lake, lakini skrubu ndogo sizioni, na waya mwekundu na wa buluu kwangu ni kitu kimoja. Nilipanda kigoda siku tatu nikijaribu kwa kupapasa. Siku ya tatu nikafunga mfuniko, nikashuka. Ningemwita nani? Joldosh? Aje amkute mwalimu wake anapapasa ukuta? Nikajiambia nitangoja jicho lipate nafuu. Mdudu nimemtumia miaka arobaini kila msimu wa baridi, sikumwogopa. Nilisahau kwamba miaka hiyo arobaini ilikuwa ya balbu na redio.

Siku ya moto, tarehe kumi na nane, mke wako alikwenda kisimani asubuhi. Baridi ilikuwa inapasua mawe. Mtoto alikohoa usingizini, nikaipapasa hita ya pili, nikakuta ni ya baridi. Nikadhani mama yake amesahau. Nikaiwasha.

Nilisikia ukumbi unatatarika kabla sijanusa kitu. Nikaikimbilia swichi kubwa ya boksi lako, nikaishusha. Kisha nikashusha zote. Nikasimama pale, Samudin, nikingoja moto wa umeme ukome, kwa kuwa nimezima. Nilikuwa nimesahau uongo wangu mwenyewe. Muda niliosimama ndio muda ambao mtoto alivuta moshi. Halafu nikakumbuka. Nikaingia chumbani kwa kupapasa, hapo angalau nina mazoezi, nikamtoa nikamlaza kwenye theluji ndani ya koti langu. Nikarudi, nikaung'oa ubao ukutani kwa mikono. Ukumbi umekwisha. Vyumba viwili vimebaki, na kuta nyeusi.

Yote hayo ni yangu. Lakini lililonivunja ni jingine.

Juzi muuguzi alileta kofia yangu. Ndani ya kitambaa kulikuwa na karatasi. Nilikuwa naisikia kichwani kwa wiki mbili nzima, nikidhani ni barua yako ya zamani. Nikamwambia mke wako, nisomee, nimechoka kuhesabu matone ya maji.

Akaichukua. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa, kisha ikikunjwa tena. Nikamwambia, "Soma, mwanangu, hata kama ni ya zamani."

Akaisoma yote, kwa sauti, mbele yangu, akiwa amesimama. Mwanzo mpaka jina lake.

Nilipoelewa, nilimwuliza, "Kumbe ndiyo maana uliizima ile hita?"

Akasema, "Ndiyo, Ata."

"Na siku zote hizo ulidhani nimesoma nikakunyamazia?"

Akasema, "Nilidhani umenikasirikia. Niliona nimestahili."

Wiki mbili alinimiminia chai akidhani namchukia, nami nilitembea na uhai wa mjukuu wangu ndani ya kofia kwa sababu niliona haya kumwambia mtu kwamba sisomi. Hapa ameacha kuandika ili afute uso. Nimemwambia aandike hilo pia.

Usimgombeze. Ukimgombeza, usije nyumbani kwangu.

Kasymaaly

*

Kyzyl-Dobo, 27 Februari 2004

Baba Nurayim,

Barua yako ya tarehe ishirini na tano nimeipata kwa kuchelewa, na Melis, aliyekwama huku kwetu, amesikia kwa simu kwamba bado mnangoja barabara ifunguliwe. Umeniuliza kwa nini sikukuandikia ukweli. Nilitaka kumwokoa Ata na aibu mbele yako. Niliona aibu yake ni kubwa kuliko hofu yangu, na nilikosea hesabu. Nitaishi na kosa hilo kila mtoto akikohoa, na anakohoa, hasa alfajiri. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, ila uje ufanye hivyo ukiwa umembeba yeye.

Tumerudi nyumbani wiki iliyopita. Majirani wamejenga ukumbi mpya wa mbao. Ata alimtuma mtu amwite Joldosh, mwenyewe, bila kusukumwa na yeyote. Alipoingia akamwambia mlangoni, kabla ya salamu, kwamba haoni tena. Joldosh akavua kofia. Akakata umeme kwenye nguzo, akavuta waya mnene mpaka kwenye mita, kisha akaweka bisibisi mezani. Akasema, "Mwalimu, ya nje ni yangu. Ya ndani ya nyumba hii siwezi kukugusia. Ukimaliza niite nikague."

Boksi lako lilikuwa limeyeyuka pembeni, lakini Melis ametununulia jingine mjini. Ata akakaa kwenye kiti na mikono yake myekundu magotini. Akaniambia nipande kigoda.

Nikasita. Aliyepanda pale lazima aangalie ukuta. Nikamwambia, "Ata, nitakupa mgongo."

Akasema, "Nipe. Ningekuwa nimekuomba mgongo wako mwezi wa kumi, mtoto huyu asingekuwa na mluzi kifuani."

Basi nimempa mkwe wangu mgongo siku nzima, Baba Nurayim. Yeye anataja, mimi nafanya. Huu wa buluu kulia. Kaza. Sasa uvute kwa nguvu. Ukitoka, hukukaza. Mara mbili nilikosea, akaniita ng'ombe, halafu akaomba radhi, halafu nilipokosea mara ya tatu akaniita ng'ombe tena. Kila waya nilioufunga aliuvuta mwenyewe kwa vile vidole vibovu, na uso wake ukikunjamana kwa maumivu hakutaka nimwone. Waya wa mdudu ameuweka kwenye kikombe juu ya rafu ya barua zako. Anasema ukae hapo mpaka atakapokufa.

Joldosh alikagua jioni, akakubali, akaturudishia umeme. Taa ya ukumbini ikawaka. Nurayim akaitazama, akafumba macho kwa mwanga. Joldosh alipoondoka, Ata akasimama chini ya taa hiyo, uso ameuinua juu, akaniagiza nishushe swichi kubwa ya boksi jipya.

Nikaishusha. Ukumbi ukawa giza la mbao mbichi.

Naye, aliyeniandikisha mwezi uliopita kwamba mwanga bado anauona, akabaki ameinua uso pale pale chini ya taa, akaniuliza, "Imezimika?"

Nikamwambia, "Imezimika, Ata."

Burulcha